Mlima wangu wa vitabu na beseni la mama

Wenzangu, leo sina pa kuficha uso.

Naandika haya nimejifungia kwenye chumba cha cherehani. Sebuleni bado nasikia watu wanacheka. Na wanaonicheka si maadui, ni watu ninaowapenda kuliko wote katika Kalemie hii. Ndiyo maana inauma (na ndiyo maana, tusidanganyane, inachekesha).

Nianze mwanzo.

Mnanijua. Mimi Nadine ni mshonaji, na nina ugonjwa wa vitabu. Boti ikitoka Kigoma na mtu akashuka na vitabu, mteja wa gauni atasubiri. Jamaa akitoka Lubumbashi simuulizi habari za safari, namuuliza amebeba nini cha kusoma. Nanunua, nakifunika kitabu kwa karatasi ya mfuko wa saruji, naandika jina langu, nakiweka juu ya wenzake. Kusoma? Nitasoma. Wiki ijayo. (Msinitazame hivyo, hata nyinyi mnavyo.)

Sasa, tuna kikundi chetu cha wasomaji. Tuko wanne tu. Vitabu ambavyo mtu hajavisoma tunaviita mlima, na desturi yetu ni kutembeleana Jumamosi nyumba kwa nyumba kukagua milima. Mwenye nyumba anasimama kando ya mlima wake, anasema ukweli, anachekwa. Nyumba ya mwisho inatoa chakula. Leo nyumba ya mwisho ilikuwa kwangu.

Wa kwanza katika kikundi ni Papa Jonas, muuza nyavu, mtu wa huko juu kaskazini mwa ziwa. Yeye huanza kitabu kwa kusoma mwisho. Wa pili ni Déo, muuguzi, kitabu kisipomshika mapema anakirudisha kwa mwenyewe na maneno makali. Mkubwa wetu ni Mama Adolphine, mwalimu mstaafu.

Nikisema nampenda Mama Adolphine nimesema kidogo. Siku moja alitusimulia ukurasa mmoja tu, wa mwanamke anayechambua mchele huku akisubiri habari za mumewe, na Papa Jonas, pamoja na mikono yake ile ya kuvuta kamba, akalia machozi. Ni yeye aliyenipa kitabu cha kwanza nilichokisoma kwa kupenda, si kwa mtihani. Sijawahi kumsikia akimcheka mtu anayesoma polepole.

Basi Mama Adolphine anahama. Anakwenda Kirungu kukaa na binti yake, huko milimani kwenye baridi. Kantini yake ya vitabu, lile sanduku kubwa la chuma, haiwezi kupanda njia zile. Itabaki. Na alishatuambia: "Ufunguo nitamupa muntu mwenye mulima mudogo. Mwenye mulima mukubwa hatasoma, ataongeza tu."

Jamani, kantini ile naiota. Nimeitamani kuliko nilivyotamani cherehani ya umeme. Na uamuzi ulikuwa leo.

Asubuhi nikautazama mlima wangu. Ulianza sakafuni, ukafika dirishani. Nikasema, Nadine, hapa hupewi ufunguo, hapa utapewa pole.

Nikaamua kuuficha. Uvunguni mwa kitanda kumejaa makaa ya mama yangu, Mama Vero. Nyuma ya cherehani kuna nguo za watu. Nikaona jikoni beseni kubwa la enameli, lile la wageni, moja kati ya mawili ya mama. Nikavipanga vitabu humo, nikafunika kwa kitenge cha maua ya njano, nikafunga fundo juu, nikalisukuma kati ya vyombo. Mezani nikaacha vitatu vyembamba, kwa unyenyekevu. Mama alikuwa sokoni, hakuona kitu.

Aliporudi na samaki akasema, "Nadine, nipe kitambaa nitakachofungia beseni ya bugali, isipoe." (Bugali ndio ugali, kwa lugha ya kwetu.) Nilikuwa natoka kwenda kukutana na wenzangu. Nikachomoa kipande juu ya meza nikampa.

Kitenge kilekile. Maua yaleyale ya njano. (Mshonaji! Mtu ambaye kazi yake yote ni kutofautisha vitambaa!)

Kwa Mama Adolphine hatukupita, leo yeye ndiye mwamuzi. Tukaanzia kwa Papa Jonas. Mlima wake umekaa wazi kabisa juu ya marobota ya nyavu, mrefu kuliko wangu. Hana aibu hata kidogo. "Huu njo mulima yangu," akasema, akiupigapiga mgongoni. "Miisho yote naijua. Inabaki tu nijue watu wanafikaje huko." Tulicheka mpaka wanunuzi wake wakatushangaa.

Kwa Déo nikaogopa. Vitabu viwili tu, juu ya kigoda, safi, vimenyooka. "Kazi inanichosha," akasema kwa upole, "lakini najikaza." Nikamchukia kidogo.

Halafu kwangu. Mama Adolphine akasimama mbele ya vitabu vyangu vitatu. Akanitazama.

"Nadine, ule mulima wote umeusoma?"

"Mama, nimejitahidi." (Si uongo. Vile vitabu ni vizito.)

"Na ile riwaya nene ya madada wawili waliogombania nyumba ya baba yao?"

"Ile? Nilishaimaliza, Mama. Nzuri sana."

"Dada mukubwa anasamehewa?"

Hapo nikaona giza. Nikasema, "Anasamehewa, Mama. Kwa shida."

Papa Jonas akakunja uso. "Anasamehewa? Wapi? Mbona miye..."

"Chakula tayari!" mama yangu akaita kutoka uani.

Nilimshukuru Mungu. Nilimshukuru na mama. Nikasema moyoni, mama yangu huyu, mzaliwa wa Mpala, ni malaika, na leo ufunguo ni wangu.

Déo, kwa adabu yake, akaenda kumsaidia. Mama alikuwa amepiga magoti kwenye moto akiepua samaki wake wa mikeke, hakugeuka. Nikamsikia akisema, "Chukua beseni iko jikoni, yenye kitambaa ya maua." Déo akarudi nalo, shingo imesimama, jasho usoni.

"Mama Vero," akaita nyuma, "hii bugali ni nzito!"

"Bugali ya kwetu haikuwake nyepesi, mutoto wangu!"

Akaliweka katikati ya meza. Tulikuwa tumeshanawa mikono. Kwetu fundo la beseni hufunguliwa na mkubwa, na mkubwa halifungui kabla ya sala. Mama Adolphine akaweka viganja vyote viwili juu ya kitenge na kufumba macho.

"Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa hiki ulichotuwekea ndani ya beseni hili."

Amina.

"Ubariki mikono ya Nadine, iliyokitayarisha kwa upendo."

Amina! (Sauti yangu ndiyo ilikuwa kubwa.)

Hapo ndipo nilipofumbua jicho moja. Kitenge kimekazwa vizuri. Na pembeni, karibu na kidole cha Mama Adolphine, kuna kona. Kona kabisa, imesimama, imechongoka.

Bugali haina kona.

Jamani, sijawahi kuomba sala iwe ndefu kama leo. Nilitamani aombee wagonjwa, wasafiri, wavuvi wote wa ziwa, serikali. Yeye akaendelea taratibu: "Utupe hamu, Bwana, tukimalize chote, kisiharibike bure. Na yule aliyekitayarisha asione haya kutuongezea."

Amina, wakasema wote. Mimi nilikuwa bado naitazama kona.

Fundo likafunguka. Kitenge kikaanguka huku na huku. Na juu kabisa, katika karatasi yake ya saruji, na jina langu kwa herufi kubwa, ikalala ile riwaya ya madada wawili. Uzi wa kuonyesha nilipofika ulikuwa umechomoza mwanzoni mwanzoni.



Mama yangu akaingia na sahani ya samaki. Akatazama meza. Akatazama watu. Akanitazama mimi.

"Bugali iko wapi? Weye Nadine! Beseni yangu ya wageni!"

Papa Jonas akainua ile riwaya, akafungua nyuma, akasoma kidogo, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Dada mukubwa hasamehewi," akasema. "Anakufa."

Ndiyo kicheko kikalipuka. Déo aliinamia meza. Mama Adolphine alifuta machozi kwa kilemba. Nilitaka ardhi inimeze, lakini ardhi ilikuwa na sakafu ya saruji.

Halafu likatokea jambo ambalo kwa hilo nitawapenda watu hawa maisha yangu yote. Papa Jonas alichukua kitabu cha pili. Déo akachukua cha tatu. Mikono waliyoinawa kwa ajili ya bugali ikaingia kwenye vitabu. "Hii unayo? Unayo hii na hukutuambia?" "Tafadhali nisomee hapa, huyu muntu anajua kuandika mvua." Samaki wanapoa, hakuna anayewatazama! Wakaanza kubishana kwa mdomo wazi, huyu anasifu, yule anapinga, Mama Adolphine ameshika kimoja kifuani na anatabasamu. Nikasahau kwamba nimeaibika. Kwa dakika chache tu.

Déo akakohoa. "Na miye niseme," akasema, macho chini. "Vyangu viko kwa jirani. Vimejaa chumba."

"Muongo weye!" nikamwambia, kwa furaha kubwa.

Mama Adolphine akanyamazisha watu kwa mkono, kama zamani darasani. "Basi na miye. Ile kantini... nusu yake sijasoma. Miaka nalundika. Macho sasa yamechoka, sitavimaliza. Njo maana nilitafuta muntu wa kusoma mahali pangu."

Hakuna aliyecheka. Nilitaka kumshika mkono.

Akafungua fundo la leso, akatoa ufunguo. Nikanyoosha mkono. Ufunguo ukapita juu ya mkono wangu, ukaenda moja kwa moja kwa mama yangu.

Mama akashtuka. "Miye na vitabu wapi na wapi?"

"Kantini itakaa hapa," Mama Adolphine akasema, "hakuna anayevipenda kuliko Nadine. Ila ufunguo ukae nao weye, Mama Vero. Akimaliza kitabu akusimulie chote, mwanzo mpaka mwisho. Ukiridhika, umufungulie kingine."

Mama akaufikiria ufunguo. Akauvisha kwenye kamba ya rozari yake, shingoni.

"Na beseni yangu?"

"Kwanza amalize beseni."

Basi ndiyo hivyo. Bugali tumekula hatimaye, imepoa, na imekuwa tamu. Mimi nimekimbilia huku chumbani kuwaandikia, na riwaya nene iko magotini. Mama ananiita kutoka sebuleni, amekaa kwenye kiti, ufunguo shingoni, anataka kujua huyo dada mkubwa alikosa nini mpaka asisamehewe.

Msinicheke, jamani. Hata mimi sijui, ndiyo kwanza nafungua ukurasa.