Bata Wanapata Utabiri Kabla Yangu

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUVUJA KWA SIRI ZA UPEPO NA KUWAFIKIA BATA MWITU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na vipimo vyako vyote. Mimi ni seremala, natengeneza madawati na milango, na msimu wa bata unapofika mimi ndiye mshika filimbi wa kikundi chetu cha wawindaji, watu sita wenye vibali halali. Kazi ya mshika filimbi ni kutaja siku. Nikitaja Jumamosi, wote huamka Jumamosi, huvaa mabuti na kujibanza kwenye matete kando ya ziwa. Nisipotaja, hakuna anayekwenda hata kama bata wanatua juu ya paa lake. Filimbi hiyo nimeivaa shingoni miaka tisa bila aibu, mpaka msimu huu, ambao nimewapeleka wenzangu ziwani mara nne na tumerudi na mafua tu.

Kama ujuavyo, bata hasafiri ovyo. Husubiri upepo wa kaskazini umsukume mgongoni, na mawingu mazito yakishuka na kuleta manyunyu, huruka chini kiasi cha mtu kumsalimia. Anga likiwa jeupe na upepo umelala, hukaa katikati ya ziwa, mbali na risasi, akitutazama. Kwa hiyo mimi hufuata utabiri wenu wa wiki unaotoka gazetini. Gazeti lenyewe sinunui. Shemeji yangu kinyozi, kaka wa mke wangu na mmoja wa sisi sita, hunihifadhia lile la saluni, na kila Ijumaa jioni hunikabidhi kwa mikono miwili. Kona ya juu huwa imechanwa, kwa kuwa huifutia wembe, lakini utabiri huwa salama, na sitaki kumsema vibaya mtu mwenye moyo kama huo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlitangaza upepo wa kaskazini siku ya Jumamosi. Nikapuliza filimbi. Jumamosi hiyo hata moshi wa sigara ya mwenzetu fundi bomba ulipanda wima. Upepo wenyewe ulikuwa umekuja Jumamosi iliyotangulia, nikiwa kwa mama mkwe nabadilisha kitasa, na nakumbuka vizuri kwa sababu mlango ulinibana kidole. Bata walipita juu yetu makundi kwa makundi. Mama mkwe aliwahesabu, mimi nilishika kidole.

2. Mlitangaza manyunyu siku ya Jumatano. Nikafunga karakana na kuacha dawati la shule halina miguu. Jua liliwaka mpaka bata wangu wa mbao, niliowachonga na kuwapaka rangi ili wawavute wale walio hai, wakaanza kubambuka. Manyunyu hayo yalikuwa yameshanyesha Jumatano ya wiki iliyotangulia, tena juu ya mbao nilizoanika.

3. Hapo nikachukua penseli ya kazi nikapiga hesabu. Kila mnachotangaza kinatokea kweli, siku ileile mliyoitaja, ila wiki nzima kabla sijasoma. Kwa usahihi nawapongeza. Lakini upepo ungejuaje la kufanya kabla tangazo halijatoka? Ndugu Mkurugenzi, ofisini kwako kuna mtu anayeuvujishia upepo siri. Sisemi ni nani. Naomba tu uangalie anayekaa karibu na dirisha.

4. Upepo ukishajua, bata wanajua. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa hesabu, anasema hii ni bahati mbaya tu. Mwalimu huyo aliwahi kumkosa bata aliyelala.

5. Kinachoniuma zaidi ni cha nyumbani. Msimu huu shemeji amekuwa akiotea siku kwa namna ya ajabu. Katikati ya kunyoa kichwa cha mtu hutazama nje, akasema angekuwa yeye angekwenda kesho, na kesho yake bata hujaa ziwani mpaka maji hayaonekani. Anadai goti lake ndilo linalomwambia. Sasa wenzangu wameanza kunong'ona, na Jumapili hii kikundi kinakutana hukohuko saluni kuamua kama filimbi ihamie shingoni kwake. Nitasema bila kuzunguka, inaniuma sana. Sina cheo kingine. Kazini naitwa ili nilaumiwe kwa kuchelewesha mlango, nyumbani naitwa chakula kikiwa tayari, lakini ziwani nikiinua mkono watu wazima watano wananyamaza.

Kwa hayo yote naomba utabiri uwe unafungiwa kabatini mpaka Ijumaa jioni, nikishausoma. Kabati nitalitengeneza mwenyewe, bure, lenye vitasa vitatu. Upepo uarifiwe Jumamosi alfajiri. Bata waarifiwe mwisho, au wasiarifiwe kabisa, maana hawana kibali chochote. Ikishindikana, basi upepo wenyewe ucheleweshwe wiki moja, jambo ambalo kwa ofisi kubwa kama yenu si kitu. Na kabla ya Jumapili naomba barua fupi yenye muhuri, ikieleza kikundi kwamba kosa ni la hali ya hewa na si la seremala.

Nisalimie wapima mvua wote, dereva wenu, anayewapikia chai, na hata yule wa karibu na dirisha, ambaye bado simshuku rasmi. Mke wangu naye anawasalimu. Yuko hapa pembeni, ananisahihishia herufi.

Ni mimi, nisiye na kinyongo na upepo ila na mwenendo wake,

Seremala,
Mshika Filimbi (hadi Jumapili).

Nyongeza: Mke wangu amemaliza kusoma. Kwanza alikwenda kucheka chumbani, nikamsikia. Kisha akaleta gazeti alilofungiwa sabuni dukani Ijumaa iliyopita, akalilaza kando ya hili alilonipa kaka yake jioni hii. Picha ni ileile, utabiri ni uleule, ila lile la sabuni kona yake ni nzima na tarehe inasomeka. Kumbe mwaka huu nimekuwa nikisoma utabiri wa wiki iliyokwisha, na goti la shemeji limekuwa likisoma gazeti jipya.

Kwa hiyo hesabu kwamba barua hii haijaandikwa. Naituma kwa sababu tu stempu nimeshabandika. Yule wa dirishani mwombe radhi kwa niaba yangu.

Mke wangu amenunua gazeti la leo. Linasema kesho alfajiri upepo wa kaskazini, mawingu ya chini na manyunyu, na sasa hivi nguo kwenye kamba zimeanza kuvutwa kuelekea kusini. Nimepuliza filimbi. Wanne wameitika, na mke wangu amesema nafasi ya kaka yake ataichukua yeye, mabuti yanamtosha. Shemeji hakusikia, saluni ina kelele. Lakini sikutaka apitwe na habari, nimempelekea gazeti mwenyewe na kumkabidhi kwa mikono miwili. Ni lile la wiki iliyopita, la sabuni. Kona nimeichana.