Waya Uliovuja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daktari amesema moyo umechoka. Nitengeneze mambo yangu. Nina miaka themanini na mbili, nilikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka thelathini na mmoja, na sina jambo la kutengeneza ila runinga. Picha inakwama! Mtu anafungua mdomo kutoa siri, anabaki hivyo hivyo, mdomo wazi kama samaki. Intaneti inatoka kwenye ruta iliyo koridoni, inapita hewani, inapenya kuta mbili na kabati la dada yangu mkubwa. Ikinifikia imechoka kuliko mimi.

Dada mwenyewe ana waya. Wiki iliyopita fundi wa kampuni ya intaneti alimvutia waya mweupe kutoka kwenye ruta mpaka nyuma ya runinga yake. Picha yake inateleza. Tunatazama tamthilia ile ile, kila mtu chumbani kwake, kwa sababu za heshima. Yeye hucheka kwanza. Kila mzaha unanifikia ukiwa umeshachekwa upande wa pili wa ukuta. Leo ameniambia mdogo wangu, usijitese, njoo utazamie kwangu, nitakupa kiti. Kiti! Nimekataa.

Waya wangu upo pia. Mita kumi na mbili. Fundi amechomeka ncha moja kwenye ruta, na nyingine ameiacha imekunjwa chini ya kigoda cha ruta, kwa kuwa ukuta wangu ni mnene na keekee yake ya kutobolea ni fupi. Atarudi Alhamisi na keekee ndefu. Alisema mzee, tafadhali usiuguse. Nilimjibu kwamba nilikuwa nikikagua maabara kabla yeye hajazaliwa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimefikiri. Bomba lisilo na koki humwaga maji. Basi waya wenye ncha wazi humwaga intaneti. Ndiyo maana kwangu haifiki! Inavuja chini ya kigoda tangu wiki iliyopita, na hakuna aliyeona.

Nilisubiri dada aingie kuoga. Nikapiga magoti. Ruta ina matundu manne, mawili yalikuwa matupu. Nikachukua ile ncha inayovuja, nikaichomeka kwenye tundu mojawapo. Ka! Taa zote zikaanza kupepesa kwa furaha. Nikajisemea, elimu haizeeki.

Saa tisa. Runinga yangu imekufa. Ya dada imekufa. Mjukuu wangu, ambaye sote twamwita Waziri kwa kuwa ndiye anayetawala nyumba hii na hufanya kazi zake kwa kompyuta sebuleni, ametoka akifoka kwamba mkutano umemkatikia mdomoni. Ameuliza nani amegusa ruta. Dada amesema yeye alikuwa na sabuni machoni. Mimi nimesema, naona haya kuandika, nimesema mafundi wa siku hizi hawana msingi.

Waziri akasema basi, Babu, wewe ndiye mwenye kalamu, waandikie malalamiko. Nikaandika. Aya tatu. "Uzembe uliokithiri" ni maneno yangu. Nilifurahia hata mikato yake.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Jibu limekuja kwenye simu ya Waziri. Kampuni inasikitika. Fundi huyo tayari ana malalamiko mawili, na hili ni la tatu. Ijumaa saa nne asubuhi atasimama mbele ya msimamizi wake, na akikosa la kujitetea atafukuzwa. Haruhusiwi kukanyaga kwetu kabla ya hapo. Waziri amesema safi sana. Chai ikanipalia.

Mchana fundi akanipigia simu. Mimi! Alisema katika nyumba zote za wiki ile, mimi pekee nilimpa maji ya kunywa. Miaka saba amekuwa akipanda ngazi za watu, alisema, na hajui kazi nyingine. Akauliza kwa upole, mzee wangu, nilikosea wapi? Niambie tu nijue. Nikamwambia sisikii vizuri, kuna upepo kwenye simu. Hapakuwa na upepo.

Nilikwenda kuuchomoa waya. Nilijua hilo halitamwokoa, barua imeshaondoka. Nilitaka tu nisiuone. Lakini plagi ile ina kijiulimi kinachotaka kubanwa kwa kucha, na vidole vyangu vinatetemeka. Dada akanikuta nimepiga magoti. Nikasema nasali. Akauliza tangu lini nasali nikielekea ruta. Nikasema Mungu yuko kila mahali. Kisha akapiga magoti kando yangu, na miaka yake themanini na sita, magoti yakilia, akauombea moyo wangu kwa sauti. Aliuombea uzima, akauombea na usafi. Sijawahi kubeba aibu nzito kama ile. Ikabidi tumwite Waziri aje atuinue, mmoja mmoja.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nina mpango. Mpango safi! Nitakiri kila kitu katika shajara hii, nanyi mtaisoma nikishakufa. Fundi atasafishwa, na mimi sitalazimika kutazama uso wa mtu. Kinachohitajika ni kimoja tu, nife kabla ya kesho saa nne.

Asubuhi nilihisi kifua kinabana. Nikafurahi. Nikavaa shati safi, nikalala chali, shajara kifuani, imefunguliwa mahali panapohusika. Nikafumba macho. Yalikuwa maharage ya jana.

Dada akagonga, akasema chai imeshamiminwa. Nikanyamaza kwa hadhi. Akasema na maandazi yapo. Nikaenda.

Saa sita akaja muuguzi wa zahanati anayenitembelea. Akanipima presha. Akapima tena. Akasema hajaona kipimo kizuri hivi kwangu tangu mwaka jana, vidonge vipya alivyoniletea vimenikubali. Akanipongeza! Nikamwuliza kama hajakosea, labda mashine yake ni mbovu. Akacheka, akasema babu, wewe utatuzika sote.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Niko hai.

Saa tatu na nusu bado niko hai. Saa nne kasoro robo, vivyo hivyo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ni mita kumi na mbili, nyeupe, na imerudi ilikotoka.

Saa nne kasoro dakika tano nikachukua simu, nikaomba nizungumze na yule msimamizi. Waziri na dada walikuwa mezani wanasikia kila neno. Nikasema ni mimi. Nikasema fundi hana kosa, ncha ya pili nimeichomeka mimi kwa mkono wangu, na barua nimeiandika mimi huku nikijua. Dada akaweka kikombe chini. Msimamizi akauliza kwa heshima, lakini mzee wangu, kwa nini?

Hapo ndipo ningetaja bomba na koki. Ningetaja wivu. Ningesema mkaguzi mzima wa shule ameona intaneti ikimwagika sakafuni. Wote wananitazama! Mdomo ukajisemea wenyewe. Ni vidonge, mwanangu. Vidonge vipya vya presha, vinanizungusha akili, sijui nifanyalo.

Pole sana mzee, akasema msimamizi. Pole Babu, akasema Waziri, machozi yakimlengalenga. Dada akaendelea kukoroga chai yake. Anaijua sauti yangu ya uongo tangu nikiwa na miaka minne.

Fundi amebaki na kazi yake. Alifika alasiri, akabana kijiulimi kwa vidole viwili, akachomoa. Nyumba nzima ikafufuka. Alimweleza Waziri kwamba waya ukirudi kwenye ruta ile ile, intaneti inakuwa kama mtu anayejiandikia barua, akajijibu, akajiandikia tena, mpaka posta ikajaa na barua za wengine zikakosa njia. Akatoboa ukuta wangu kwa keekee ndefu, akapitisha waya, akauchomeka nyuma ya runinga. Picha inateleza kama mafuta.

Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema mbele ya wote kwamba wazee wakweli wamebaki wachache. Nilitazama sakafu. Inahitaji kupigwa deki.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Leo nimecheka pamoja na dada, sekunde ile ile, ukuta ukiwa katikati yetu. Akagonga ukuta mara moja. Nadhani ni msamaha. Au alikuwa anaua mbu.

Saa nane Waziri akaingia. Akasema hajalala kwa mawazo. Vidonge vile vitaniua, na aliyenipa hawezi kuachwa tu. Ameshazungumza na zahanati. Jumatatu saa tatu yule muuguzi ataitwa ajieleze, wanachosubiri ni malalamiko ya maandishi. Vidonge vile! Vimenirudishia usingizi, vimenirudishia hata miguu! Nikafungua mdomo nimwambie. Akaniwahi, akanishika bega, akasema Babu, mimi maneno hunishinda, niandikie wewe.

Nimeandika. Aya tatu. Ameshazipeleka.

Basi ninyi mtakaosoma, jueni kwamba muuguzi hana kosa hata chembe. Nimevaa shati safi. Nimelala chali, nangoja. Jumatatu si mbali, na moyo unapiga sawasawa kama saa ya ukutani, hauna hata adabu. Ila saa kumi na moja wanaonyesha sehemu ya mwisho ya tamthilia, na picha haikwami. Nitaendelea kufa ikiisha.