Pazia la Mahakamani

Jumatatu, 4 Machi
Keshokutwa inaanza kesi ya genge la sokoni. Shahidi ni mmoja: fundi cherehani waliyemchomea kibanda kwa kukataa kuwatii. Wenzao walio nje wameapa kujaza viti vya mbele na kumkodolea macho mpaka ulimi umkauke. Mara iliyopita muuza viatu alikodolewa hivyo, akasahau hata jina lake. Polisi wanakuna vichwa. Mimi, karani wa mahakama, ninayo dawa. Pazia mbele ya shahidi! Hakimu kakubali. Shemeji yangu, koplo wa mlangoni, kacheka. Mwache.

Jumanne
Nimebeba pazia la chumbani. Mke hajui. Nimemwalika mama mkwe aje aone kazi ya mkwewe, maana huniita "yule wa mafaili". Atakuja na kikundi chake kizima cha akina mama. Safi. Shemeji kauliza pazia litashikiliwa na nini. Gundi. Wivu unamtafuna.

Jumatano
Akina mama wamewahi, wamejaa ukumbi mzima. Wenzao wa genge wakafika, hakuna kiti. Shemeji akawaambia kusimama hakuruhusiwi. Mmoja akajipenyeza, mama mkwe akamuuliza kwa upole kama mama yake anajua alipo. Akatoka akitazama viatu vyake.

Fundi akaanza kwa sauti ya kutetemeka. Gundi ikaachia. Pazia likanifunika mimi, mafaili na yote. Nikachungulia pembeni mwa pazia. Fundi alikuwa akitazama viti, na kila uso ulikuwa wa mama anayemtikisia kichwa aendelee.

Akasema, "Mheshimiwa, aliyeshika dumu la petroli ni yule pale."

Sauti haikutetemeka tena.

Ijumaa
Wana hatia, wote! Hakimu kaagiza polisi wawe wanawasindikiza mashahidi, na viti vya mbele viwe vya ndugu zao. Muuza viatu karudi mwenyewe, anataka kusema. Fundi kanishukuru machozi yakimlengalenga kwa kuwaleta akina mama. Nimemwambia ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo. Mama mkwe kakohoa.

Jumatatu, 11 Machi
Kesi mpya, genge la wezi wa pikipiki. Shemeji kaniomba niwaite tena akina mama. Nimemjibu kwamba wataalamu hatuchezi ngoma moja kila siku. Safari hii mashahidi watavaa masharubu ya bandia. Wa kwanza ni bibi wa miaka sabini. Nimemchagulia yale yaliyojikunja ncha.