Ufunguzi wa Kituo cha Mimea ya Majini, Nguvumali

(Hotuba ya Ndugu Zebedayo Semkiwa, Afisa Mwandamizi wa Uhamasishaji na Mambo Mengineyo, kwa wakazi wa Nguvumali, Tanga, Jumamosi tarehe 2 Desemba 1989, saa nne asubuhi kwa mujibu wa ratiba, saa saba na nusu kwa mujibu wa jua. Imenukuliwa neno kwa neno na karani wa ofisi.)

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi; Ndugu Katibu wa Tawi, pamoja na Ndugu Kaimu Katibu ambaye naambiwa ndiye hasa aliyekuja; waheshimiwa mashehe, wachungaji na mapadri; mabalozi wa nyumba kumi kumi; Mwalimu Mkuu mwenye kiwanja hiki; wanafunzi ambao leo mmeitwa siku ya mapumziko kwa heshima yangu; wazee wangu, shikamooni; akina mama mlioacha ndoo zenu kwenye foleni ya bomba ili mje kunisikiliza; mabibi na mabwana, kila mmoja kwa cheo chake, na ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa. (Makofi. Akina mama wawili wanaondoka kurudi kwenye foleni.)

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu nikiwa mtu aliyekwenda na kurudi. Wapo wanaokwenda wasirudi, wapo wasiokwenda kabisa kama ninyi, lakini mimi nilikwenda Uholanzi nikarudi, na mizigo yangu, ambayo ilizidi kiwango kwa kilo kumi na tisa kwa sababu za kitaifa, ikiwemo sabuni za kuogea kama sampuli za biashara huria, ilirudi pamoja nami salama. Nilihudhuria Mkutano Mkuu wa Kimataifa wa Wapenzi wa Mimea ya Majini. Wajumbe walikuwa mia tatu na kumi na wawili, na nafurahi kuwatangazia kwamba ujumbe wa Tanzania ulihudhuria kwa asilimia mia moja, yaani mimi. (Makofi kutoka meza kuu.)

Mtauliza, mimea ya majini ndiyo nini? Ni haki yenu kuuliza, maana hata mimi niliuliza nikiwa tayari nimekwisha kaa kiti cha mbele. Ndugu zangu, wenzetu wale, watu wazima wenye akili zao na magari yao, huchukua sanduku la kioo, wakatia mchanga, wakatia maji, wakapanda majani humo ndani ya maji kama mtu anavyopanda mchicha, wakaachia na visamaki vya ukubwa wa dagaa. Nilipotaka kujua visamaki hivyo vitakaangwa saa ngapi, nilijibiwa, kwa upole mkubwa wa kidiplomasia, kwamba samaki wapo kwa ajili ya kuyapendeza majani. (Kicheko kirefu. Mzee mmoja anaomba kifungu hicho kirudiwe.) Majani hayo hukatwa kwa mikasi midogo, hulishwa hewa ile ile ya kwenye soda, huwashiwa taa kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku, na kila wiki hubadilishiwa maji safi. Hupita jaji na tochi na daftari, akapiga magoti, akahesabu jani moja moja. Mmoja alikaa dakika ishirini mbele ya shina moja tu bila kusema kitu. Nilikaa naye dakika tano za mwanzo, kisha nikaona ujumbe wa Tanzania una wajibu pia kwenye meza ya chakula.

(Sauti kutoka nyuma: Na bomba letu litatoka lini? Kavu tangu Mfunguo Mosi, tangu Idi!)

Suala la bomba limo katika hotuba, ukurasa wa kumi na moja, na leo nimekuja na kurasa kumi. Tuwe na subira, implimentesheni ni hatua kwa hatua.

Sasa basi, najua katika mtaa huu wapo wapinga maendeleo wanaonong'ona kwamba mwaliko ule haukuwa wangu. Sitaki kuficha jambo, uongozi wangu ni wa uwazi. Ni kweli kwamba yupo hapa Bibi Mwanaasha Mbarouk, mzaliwa wa Wete, Pemba, mkazi wa Nguvumali, ambaye kwa miaka tisa alimfulia na kumpikia daktari mmoja wa Kiholanzi kule Raskazone, akajifunza kwake kuotesha majani ya majini. Daktari alipoondoka, mama huyu aliendelea mwenyewe, kwa majani aliyoyatoa mto Zigi, katika mitungi na chupa kubwa za achari uani kwake, huku akiyachotea maji kwa kichwa. Ni kweli aliandikiana na Waholanzi. Ni kweli wakampelekea barua ya mwaliko na tiketi. Lakini Bibi Mwanaasha, kama wengi wenu, hana sanduku la posta, hutumia sanduku la ofisi yetu kwa hisani tu, na mimi kama mwanasheria wa kujisomea nawaambia: barua iliyopita sanduku la Serikali ni barua ya Serikali, kama vile nazi ikiangukia uani kwako huendi kumwuliza mnazi. (Minong'ono. Meza kuu inapiga makofi kuifunika.)

Na sikumwacha mkono. Nilifika kwake mimi binafsi, nikachukua mashina yake mazuri kuliko yote, yale ya yungiyungi jekundu, nikayafunga katika gazeti kavu, tabaka sita, yasije yakalowa njiani. Kumbe jani la majini halitakiwi kukauka! Wenyeji walipoyaona uwanja wa ndege, wakayatumbukiza ndani ya ndoo hapo hapo huku mama mmoja wao akilia machozi, jambo lililonipa picha ya jinsi tunavyopendwa huko nje. Yalipona mashina manne kati ya thelathini, ambayo kitaalamu ni mafanikio, na hayo manne yakachukua nafasi ya tatu kwa dunia nzima. Cheti ninacho. Kimening'inizwa ofisini kwangu, ingawa kwa kosa la uchapaji kimeandikwa jina la Bibi Mwanaasha.

(Bibi Mwanaasha anasimama. Anaambiwa maswali ni baadaye. Anaendelea kusimama.)

Kutokana na mafanikio yangu hayo, Waholanzi walileta barua ya pili, wakitaka wauziwe mashina mia tano kila mwezi, na wakitaka mama huyu atie sahihi na jibu liwafikie kwa simu ya maandishi kabla ya tarehe thelathini Novemba, haraka ambayo mimi kama mtaalamu wa utawala naiona haina adabu. Barua hiyo ipo. Haikupotea. Ipo ndani ya faili, faili limo ndani ya kabati, na juu yake nimeandika kwa mkono wangu: Inashughulikiwa.

(Bibi Mwanaasha: "Baba, mimi siombi kituo wala cheti. Naomba barua yangu.")

Nakushukuru kwa mchango wako, mama. Lakini hebu tuache fikra finyu za mtu na barua yake, tutazame infrastrakcha. Zama hizi ni za ruksa. Tulikula unga wa njano, tukapanga foleni ya khanga, tukaogea majani ya mpapai, na yote hayo yamekwisha, au yatakwisha, kutegemea na ripoti mtakayosoma. Ndipo nikabuni Kituo cha Mimea ya Majini cha Nguvumali, chenye masanduku ya kioo mia mbili, maabara mbili, ukumbi wa semina, bweni la watafiti, na maegesho ya gari langu. Kitaajiri watu elfu moja mia nne na sitini, idadi ambayo imefanyiwa utafiti wa kina kwa kuzidisha. Vijana wa Ushongo watakuja kujifunza, wakulima wa Lushoto watakuja kushangaa, fedha za kigeni zitaingia kwa mlango huu hapa, na mapato ya wilaya yatapanda kwa asilimia mia moja na kumi na mbili, hizo kumi na mbili zikiwa akiba. (Makofi. Sauti: Mlango upi?)

Mimea ya majini, hoyee! (Hoyee, meza kuu.) Ruksa ya majani, hoyee! (Hoyee, meza kuu na mtoto mmoja.) Uvivu, ziii! (Ziii, wote, kwa nguvu zaidi.)

Namalizia kwa shukrani. Naishukuru kamati ya maandalizi kwa kibao kizuri mlichokiona, chenye rangi tatu, ambacho ndicho Kituo chenyewe kwa awamu hii. Nawashukuru rafiki zetu Waholanzi, ambao kwa kuziamini picha za Kituo nilizowapelekea wanawasili hapa keshokutwa Jumatatu kukikagua. Na shukrani za pekee kwa Bibi Mwanaasha, maana picha zile ni za uani kwake, zilizopigwa upande usioonyesha kamba ya nguo, na nina imani kwamba kuanzia Jumatatu hadi Jumatano atatuachia ua huo, pamoja na mitungi na majani yake, tukisimike kibao, yeye akapumzike kwa jamaa zake. Akirudi, barua yake atapewa mkononi.

(Bibi Mwanaasha anazungumza bila kupandisha sauti. Anasema amekuja ofisini mara sita, na mara zote sita ameambiwa mheshimiwa yupo kikaoni. Anasema kila siku aliyachotea majani yale ndoo nne, wanawe wakioga kwa kopo, akijiambia barua itatoka. "Tarehe thelathini ilikuwa juzi, baba. Haikutoka. Jana nimeyapakia yote kwenye baiskeli ya jirani yangu Uweso, nikayarudisha Zigi. Sasa n'nayo mitungi mikavu. Hao wageni waje, nami n'tawangoja pale pale kwangu, niwaeleze." Anatoka. Akina mama wanatoka naye, na karani anaandika akiwa amesimama.)

Ndugu wananchi... hilo nalo ni la kuzingatiwa. (Anapekua kurasa. Ananong'ona na meza kuu. Meza kuu inatazama chini.) Mwalimu Mkuu, uko wapi? Natoa agizo. Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, kila mwanafunzi aje hapa na chupa moja na jani moja. Jani lolote, ili mradi ni bichi.

Maji waje nayo kutoka kwao. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.