Maoni Haya ni Yangu Binafsi

Jumatatu, 3 Machi

Waraka umebandikwa ukutani, juu ya birika la chai. Mfanyakazi akitoa maoni mtandaoni, amalizie hivi: "Maoni haya ni yangu binafsi, si ya kampuni." Nimeusoma mara tatu. Kumbe ukiweka sentensi hiyo, ruksa kusema lolote! Mbona hawakutuambia mapema?

Cheo cha mkuu wa huduma kwa wateja kiko wazi. Tunakigombea wawili, mimi na Mpole wa meza ya dirishani. Nakitaka mno, hata usingizi sipati. Mkurugenzi ataona nani anajua kutii.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika: "Magodoro yetu yanabonyea baada ya miezi miwili. Nunueni mkeka." Sentensi nikaiweka mwishoni, herufi kubwa. Watu mia nne wamependa!

Mkurugenzi kaniita. Kauliza kama nina akili timamu. Nikamwonyesha sentensi. Akashika kichwa, akasema ile si kinga. Basi ni ya nini? Sielewi.

Jumatano, 5 Machi

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kosa langu ni kuitumia sentensi ile mara moja tu.

Mkurugenzi kafiwa na mama mkwe. Kwenye kundi la ofisi nikaandika: "Pole sana bosi, tunasikitika. Maoni haya ni yangu binafsi, si ya kampuni." Kisha Mpole akaandika kwamba kampuni nayo inasikitika. Mnafiki! Kanipiku.

Jioni mama watoto kauliza kama gauni jipya limemkaa. Nikasema limembana, na hayo ni maoni yangu binafsi. Nimehamishiwa sebuleni, kwenye godoro la kampuni. Kweli linabonyea.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejirekebisha. "Magodoro yetu ni bora kuliko yote! Maoni haya ni yangu binafsi, si ya kampuni." Ila nilikuwa zamu ya kujibu wateja, na simu mkononi ilikuwa ya ofisi. Imetoka kwenye ukurasa wa kampuni! Mteja mmoja kauliza, sasa kampuni yenyewe ina maoni gani? Hata mimi sijui.

Ijumaa, 7 Machi

Cheo kapewa Mpole. Imeniuma, sifichi. Mimi naenda ghalani, ambako simu haishiki mtandao.

Afisa utumishi kanipa barua ya onyo nisaini. Nimesaini. Chini yake nikaongeza: "Saini hii ni yangu binafsi, si ya kampuni." Kaisoma mara mbili, kisha kaitia kwenye faili langu. Nadhani hatimaye kuna mtu ofisini anayemtambua mfanyakazi mtiifu.