Wimbo wa Pipa Hauna Bendera

Jumatatu, 3 Februari

Wananchi wote wa Trinidad na Tobago na watangaziwe: asubuhi ya leo Cuthbert Alleyne, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, amepata kina cha "ufisadi". Ni "ukaidi". Bendera zipepee.

Wimbo umekamilika! Unaitwa "Vijana Amkeni, Taifa Linaungua". Aya sita. Nimeweka bunduki, dawa za kulevya, takataka barabarani, heshima kwa wazee, bei ya gesi na upendo kwa bendera. Hakuna jaji atakayeponyoka.

Ataimba Jodelle, mtoto wa dada yangu, miaka kumi na mitatu. Ijumaa ya wiki ijayo, shindano la kalipso la wanafunzi, hapa Arima. Watoto huimba, watu wazima huandika. Ndivyo ilivyo kwetu kila msimu wa kanivali na hakuna anayeuliza. Jirani yangu Fitzroy, ambaye jukwaani hujiita Msumari, mwaka huu ameandikia watoto watatu. Akina mama wanapanga foleni getini kwake kama kwa daktari wa meno. Kwangu mimi, ambaye jukwaani ni Lodi Kamusi, alikuja mmoja. Aliuliza nyumba ya Msumari ni ipi.

Mwaka huu nitamwonyesha.

Jumatano, 5 Februari

Pigo! Jodelle ana wimbo wake. Kautunga mwenyewe, bila ruhusa. Ameniimbia huku anasugua sufuria ya pelau, wali wetu wa nyama. Unahusu pipa.

Pipa lenyewe ni lile ambalo dada yangu Gemma hututumia kutoka Brooklyn, Marekani, kila Krismasi. Aliondoka kwa miezi sita. Huu ni mwaka wa sita. Karatasi zake hazijakaa sawa, akitoka kule harudi tena. Basi badala yake linakuja pipa. Mchele, sabuni, nyama ya kopo, nguo. Mtoto anaimba hivi:

Pipa limefika, mama hajafika.
Natoa mchele, natoa sabuni.
Naingiza kichwa, namwita mle ndani,
anayeitika ni mimi.

Nikangoja. Nikauliza, halafu? Akasema basi, hicho ndicho kiitikio. Nikauliza taifa liko wapi humo. Akasema, "Mjomba, taifa halijasafiri. Aliyesafiri ni Mama." Jeuri ya ujana! Anasema mama yake atatazama shindano kwa simu, na anataka ausikie huo. Akimweleza kwa maneno ya kawaida mama analia, anasingizia chaji, anakata. Wimbo hawezi kuukatiza katikati.

Mama yangu, Ma Irma, alitoka jikoni mtoto akiwa bado anaimba, akaenda kusimama uani, uso kwenye uzio. Pilipili, nadhani. Alikuwa anasaga pilipili.

Jumamosi, 8 Februari

Mkakati! Nimemwambia Jodelle kwamba mama yake alinipigia akaomba wimbo wa kizalendo, wenye furaha, usio na mambo ya nyumbani. Hakupiga. Lakini angepiga angesema hivyo hivyo.

Jodelle aliuliza kama kweli Mama alisema "usio na mambo ya nyumbani". Nikasema kwa sauti yake kabisa. Akasema sawa. Akaenda kulala jua halijazama, bila kula. Vijana wa siku hizi wanachoka upesi.

Maneno nimeshawapelekea majaji. Sheria ni sheria: unaimba ulichokabidhi. Bendi ina muziki wangu. Hakuna wa kunigeuka tena.

Jumanne, 11 Februari

Mazoezi. Jodelle anaimba kila neno sawasawa, kama anayesoma tangazo la kukatika kwa maji. Mpiga ngoma alisinzia kwenye aya ya nne.

Msumari akapita. Kwa bahati tu, ati! Akasema, "Kamusi, wimbo wako mrefu kuliko mgomo wa walimu." Halafu akanivuta pembeni, bila utani sasa. Alimsikia mtoto akijiimbia kitu nyuma ya spika, kitu cha pipa, na nywele za mikono zikamsimama. Akauliza, nani kakiandika? Nikasema mimi. Akanitazama sana. Akasema, "Basi mwache auimbe huo, mimi na watoto wangu tubaki nyumbani tule dabolz zetu za mkate na dengu."

Ujanja wa kitoto. Anataka niharibu! Nimerudi nyumbani nikamshonea Jodelle joho la bendera ya taifa.

Ijumaa, 14 Februari

Sina nguvu ya kuandika mengi.

Jodelle alipanda jukwaani na joho. Aya ya kwanza, yangu. Makofi ya heshima. Aya ya pili, yangu. Watu wakaanza kutoka kununua chakula. Kisha akasimama. Akalivua joho, akalikunja taratibu kama nguo iliyotoka kuanuliwa, akaliweka sakafuni. Akaanza maneno yake mwenyewe, juu ya muziki wangu. Yakakaa! Na muziki wangu, ambao ni wa mbio, bendi wakaupunguza bila kuambiwa na mtu.

Kuna aya sikuwa nimeisikia. Viatu vilivyotoka pipani Krismasi hii ni vya mguu wake wa mwaka juzi. Mama anaununulia mguu ambao haupo tena.

Muuza njugu akaacha kunadi. Makofi hayakuja mpaka mtoto alipokuwa keshashuka ngazi.

Majaji wamemwondoa. Maneno si yale. Ameshinda mtoto aliyeandikiwa na Msumari, kwa wimbo kuhusu mbu.

Kumbe jana Jodelle alizungumza na mama yake, na mama yake hakuwahi kuomba wimbo wowote. Hakunigombeza. Ndicho kibaya. Amenirudishia joho langu tu, limekunjwa vizuri.

Jumapili, 16 Februari

Mtaani nimeshaeleza: tumeonewa, kubadili maneno ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo, aya ya viatu ni yangu. Watu wamenipa mkono. Nimeupokea.

Shajara haiendi dukani kupiga soga, kwa hiyo hapa ukweli. Alipovua joho nilimkimbilia fundi wa mitambo nikamwambia azime kipaza sauti. Yule kijana hata hakugeuka. Akasema, "Anko, kaa chini, tunasikiliza." Nikakaa juu ya kasha la ngoma. Jodelle alipofika kwenye viatu nililia. Fundi nilimwambia ni vumbi.

Gemma alipiga leo baada ya kanisa. Jodelle aliilaza simu mezani, wakasikilizana wakipumua. Kisha Gemma akasema, kwa mara ya kwanza, kwamba haji mwaka huu, wala ujao, na kwamba hajui lini. Jodelle akasema, "Najua, Mama. Ndiyo maana nimekuimbia." Chaji haikuisha. Waliongea mpaka chakula kikapoa. Hakuna aliyefurahi. Lakini hakuna aliyedanganya, isipokuwa mimi, niliyeingilia kumweleza Gemma kwamba kiitikio nilikirekebisha kidogo.

Jodelle ameniomba, kwa adabu, nimwachie maneno yake. Nimekubali, mkono kifuani. Nimeelewa kabisa. Watoto si wa kuandikiwa.

Wazee, basi! Liko shindano la kalipso la wazee kabla ya kanivali. Ma Irma ana miaka sabini na minne na hajawahi kupanda jukwaani, majaji watampenda. Nimeshamwandikia aya tano: kisukari, bei ya mafuta, nidhamu, uzalendo na faida za mazoezi. Sijamwambia bado. Yuko jikoni. Tangu simu ilipokatwa anaimba kitu chake mwenyewe kwa chini chini, na jina la Gemma linajirudia humo.

Nimemwomba anyamaze. Ananivurugia vina.