Bei ya Massey ya Mzee Aron

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeiona. Trekta aina ya Massey 135 ya mwaka 1968, nyekundu kama siku ilipotoka kiwandani, imesimama chini ya mabati kwa Mzee Aron Kipkoech huko Boito. Miaka minne ameitengeneza kwa mikono yake. Aliwasha mara moja tu, ikaitika.

Anaiuza kwa sababu goti lake halitaki tena klachi. Bei hakutaja. Aliniambia niende nyumbani nifikirie, nirudi Ijumaa na bei ya haki, ile ambayo hata ikitajwa kanisani haitaniaibisha. Mwingine angeogopa. Mimi niliona mlango umeachwa wazi. Miaka ishirini na sita nilipima majani chai ya wakulima kwenye kituo. Sidhani kama kuna mtu Kericho nzima anayekadiria kitu kwa jicho kunishinda mimi, Jackton Omollo.

Jicho limesema laki mbili na nusu.

Jumanne, 4 Machi
Nimemweleza mke wangu, Eucabeth. Akauliza kama tairi za nyuma ni mpya. Mpya. Injini imefunguliwa yote? Yote. Vipuri ni vya kweli au vya kuchongwa? Vya kweli, vingine mzee alivifuata mpaka Nakuru. Akasema laki mbili na nusu ni bei ya trekta kama hiyo kabla haijaguswa na fundi. Hii ni ya laki nne na nusu, na sisi akiba yetu ni laki nne na ishirini.

Nikamweleza kwa upole kwamba hapo ndipo mnunuzi wa kawaida anapotofautiana na mtu wa mikakati. Akaendelea kukata sukuma.

Mkakati wenyewe: jirani yangu Nyamweya ataenda kesho kama mtu asiyenijua. Atatoa laki moja na themanini, tena kwa dharau kidogo. Mzee atavunjika moyo. Ijumaa nitatokea na laki mbili na nusu, nipokewe kama mwokozi. Nimempa Nyamweya nauli na pesa ya chakula. Nimemfundisha hata namna ya kupiga tairi teke.

Jumatano, 5 Machi
Nyamweya amerudi saa kumi, amejaa maziwa ya mursik na huruma. Teke hakupiga. Mzee alimwonyesha picha za zamani: nyasi zimeota kwenye kiti, kuku wanalalia mayai ndani ya boneti. Kisha akamwachia aiendeshe shambani. Alizunguka mara tatu.

Nikamuuliza alitoa bei gani. Akaangalia viatu vyake. Laki nne.

Nikamuuliza laki nne za nani. Akasema hilo hakuwa amelifikiria, lakini kutaja laki moja na themanini mbele ya yule mzee kungekuwa kama kumtukania mtoto.

Kwa hiyo bei imepanda, na aliyelipa nauli ya kuipandisha ni mimi. Mkakati ulikuwa mzuri. Mjumbe ndiye mbovu.

Alhamisi, 6 Machi
Leo nimepeleka mtaalamu. Dolphine ni mekanika wa Litein, hapendezwi na gari la mtu yeyote. Nilimwomba aone kasoro kumi mbele ya mzee. Nikasema hata tano zitatosha.

Alisikiliza injini. Akapima oili. Akalala chini, akatoka anatabasamu.

“Mzee, hii kazi nani alikufundisha?”

“Trekta yenyewe,” Mzee Aron akajibu. “Nikikosea ilikuwa inakataa kuwaka.”

Wakaongea saa nzima juu ya pampu ya haidroliki. Mimi nilishika mfuko wa spana. Tukirudi nikadai kasoro zangu. Dolphine akasema aliona moja, skrubu ya taa ya nyuma ilikuwa imelegea, na ameshaikaza. Akanitoza elfu tatu.

Kuna baya zaidi. Mzee alimwambia kwamba mwenye hoteli fulani ameahidi laki tano na nusu, aiweke bustanini, maua yapandwe kuizunguka. Chakula cha jioni kimenishinda.

Ijumaa, 7 Machi
Eucabeth alisema tunaenda wote. Sikumwalika. Mpango wangu ulikuwa bei ya huruma: nikohoe, nitaje kifua, nitaje uzee. Nikaanza kukohoa mlangoni. Mzee akaniletea maji ya moto na kiti. Kabla sijafika kwenye kifua, Eucabeth akaongea.

“Mzee, trekta yako ni ya laki nne na nusu. Sisi tuko na laki nne na ishirini, nyingine hakuna. Tuna ekari tatu za mahindi, na majirani wanalima kwa jembe. Itafanya kazi.”

 Mzee akanigeukia.

“Na wewe, Omollo, unasemaje?”

Nilikuwa na maneno tayari, mengi. Nikamwangalia, nikaiangalia trekta, yote yakaniponyoka. Nikasema, “Nitakuwa naiosha mwenyewe.”

Akacheka mpaka akashika goti. Akasema hakuifufua miaka minne ili watu wapigie picha maua. Akanipa mkono, halafu ufunguo. Tulipokuwa tunaondoka alitembea kando yetu mpaka kwenye geti, kiganja chake juu ya madgadi, kama mtu anayesindikiza ng'ombe aliyezaliwa kwake. Hapo kifua kilinibana kweli.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetulia, nimefikiria. Kitu cha laki nne na nusu nimekipata kwa laki nne na ishirini. Elfu thelathini nimezishusha kwa kukohoa tu. Hoteli nzima nimeishinda. Ni kipaji, sina namna nyingine ya kukieleza.

Sasa trekta inataka jembe la diski. Momanyi wa Chepseon analo, anataka elfu tisini. Eucabeth anasema hiyo ni bei ya haki, tulipe polepole kila mwezi. Nimemwitikia.

Jumatatu naenda Chepseon peke yangu, na koti lililotoboka kiwikoni, kama maskini aliyefiwa na mke. Sura nimeshaifanyia mazoezi kwenye kioo, inatoa machozi. Ningepanda gari la abiria kama maskini wengine, lakini Momanyi hajawahi kuona Massey inayong'aa hivi. Nitaenda nayo.